Jinsi ya Kuifuata Shilingi ya Kodi Kutoka Risiti ya Dukani Hadi Zahanati ya Kijiji

Katika kijiji ninachoishi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania Bara, watu wakiulizwa ni nani hulipa kodi hutaja wafanyabiashara wa mjini na watumishi wanaokatwa mishahara, kisha hujiondoa wenyewe katika orodha hiyo. Nilikaa miaka mitatu katika kamati ya usimamizi wa zahanati yetu, na maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko yote ni kwamba dawa, vitanda na chanjo "vimeletwa na Serikali", kana kwamba Serikali ina shamba lake mahali fulani inakovivuna. Anayeamini hivyo hushukuru dawa zinapokuwepo na hunyamaza zinapokosekana, kwa sababu hakuna aulizaye habari za zawadi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji asiye mhasibu wala mwanasheria, ili aweze kuitambua kodi anayoilipa, kuilinda isipotee njiani, na kuifuata mpaka mahali inapogeuka kuwa huduma anayoiona kwa macho.

Zipo sababu za kihistoria zinazowafanya watu wajione hawamo. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, na ukali wa kuikusanya, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ni miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, na baada ya Uhuru wazee wetu wakaendelea kukimbizana na migambo kwa sababu ya kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003. Ilipofutwa, wengi walihesabu kwamba wamemaliza kulipa. Ukweli ni kwamba iliyofutwa ni ile kodi iliyokuja kugonga mlango alfajiri, na zile zilizofichwa ndani ya bei zikabaki, nazo ndizo mtu wa kawaida anazozilipa kila siku bila kupewa nafasi ya kukataa wala sababu ya kukumbuka.

Anza na meseji ya LUKU

Mahali rahisi pa kuanzia si ofisi ya kodi bali simu yako. Fungua meseji uliyoipata mara ya mwisho uliponunua umeme, na usiishie kwenye tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Chini au juu ya tarakimu hizo utaona kiasi ulicholipa kimegawanywa: VAT (Kodi ya Ongezeko la Thamani) ya asilimia 18, makato ya asilimia 3 kwa ajili ya umeme vijijini (REA), na asilimia 1 ya EWURA, ambaye ni mdhibiti wa nishati na maji. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kwa njia hiyohiyo, kila mwezi kidogo kidogo. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba ya vyumba viwili na balbu nne tayari ni mlipakodi wa aina mbili au tatu kabla hajatoka kitandani, na nguzo ya umeme iliyosimikwa kijiji cha jirani imesimama kwa sehemu kwa ile asilimia 3 yake.

Baada ya hapo, chukua daftari na uandike matumizi yako ya wiki moja. Ukipanda bodaboda au daladala, nauli yako ina sehemu ya bei ya mafuta, na katika kila lita ya petroli au dizeli mna tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara; Julai 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini zinazosimamiwa na TARURA. Ukinunua soda, bia, sigara au muda wa maongezi, ndani yake mna ushuru wa bidhaa. Ukiuza mahindi, korosho au kahawa, halmashauri hutoza ushuru wa mazao, na ingawa kisheria mlipaji ni mnunuzi, sote tunajua kwamba mnunuzi huukumbuka anapopanga bei ya kumpa mkulima. Mwajiriwa anayepata zaidi ya shilingi 270,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya mshahara, ambayo huanzia asilimia 8 kwa kile kinachozidi kiwango hicho. Kwa upande mwingine, vyakula visivyosindikwa na dawa havina VAT, kwa hiyo usiandike kodi mahali isipokuwepo. Zoezi hili lina faida likifanywa kwa uaminifu tu.

Nimelifanya zoezi hili na majirani kadhaa na sijaona aliyemaliza wiki akiwa na ukurasa mtupu.

Risiti na namna ya kuisoma

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mwananchi anashika kodi kwa mkono wake. VAT ilianza kutozwa nchini Julai 1998, na kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Hulipwa na mnunuzi wa mwisho lakini huwasilishwa na muuzaji, na kati ya kulipwa na kuwasilishwa kuna pengo ambalo huzibwa na karatasi moja tu, nayo ni risiti inayotoka kwenye mashine ya kielektroniki. Mashine hizo zilianza kutumika mwaka 2010, na kaulimbiu iliyokuja nazo inajulikana hata kwa watoto: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti.

Tuseme umekwenda mjini kununua rangi, vitasa na waya wa umeme, na jumla imefika shilingi 118,000 katika duka lililosajiliwa kwa VAT. Bei halisi ya bidhaa hapo ni 100,000, na 18,000 ni kodi. Sehemu ya hiyo 18,000 ilikwishalipwa huko nyuma, kiwanda kilipomuuzia muuzaji wa jumla na wa jumla alipomuuzia mwenye duka, na sasa mwenye duka anapaswa kupeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) ile tofauti iliyobaki. Usipopewa risiti, mauzo hayo hayaonekani popote, na ile tofauti inabaki mfukoni mwake ilhali wewe umekwishaitoa. Kwa hiyo mwenye duka anaposema "ukitaka risiti bei ni hii, bila risiti nakupunguzia", anakupa sehemu ya fedha ya umma na kubaki na sehemu nyingine, na mnagawana kitu ambacho si chake wala si chako.

Ili kuona ukubwa wa kitu chenyewe, linganisha na shuleni. Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya uendeshaji badala ya ada, na kwa shule ya msingi kiwango kilichopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa moja kwa moja shuleni na 4,000 hutengwa kwa ajili ya vitabu. Ile 18,000 ya rangi na vitasa ni sawa na fedha ya kuwaendeshea shule watoto 3 kwa mwaka mzima: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo. Sisemi kwamba shilingi zilezile zitasafiri kutoka duka lile mpaka darasa fulani. Nasema kwamba ndicho kipimo sahihi cha kupimia punguzo la dukani.

Risiti ukishaipokea, isome kabla hujaondoka kaunta. Risiti halali huanza na kuishia na maneno yanayotamka kwamba ni risiti halali, ina jina la biashara, TIN (namba ya utambulisho wa mlipakodi) ya muuzaji na, kama amesajiliwa kwa VAT, namba ya usajili huo inayoitwa VRN. Angalia tarehe na saa, kwa maana risiti ya juzi aliyoiacha mteja mwingine haiwezi kuwa yako. Kisha angalia mambo mawili ambayo watu wengi huyaruka. La kwanza ni jumla: upo mtindo mbaya wa kuuza mzigo wa laki tano na kuandika risiti ya elfu hamsini, na mteja huiweka mfukoni akiamini ametimiza wajibu wake. La pili ni mstari wa kodi wenyewe, ambao unapaswa kuonyesha kiasi kabla ya kodi, kodi yenyewe na kiasi pamoja na kodi. Chini kabisa kuna namba ya uhakiki na alama ya mraba yenye vidoadoa ambayo, ukiielekezea kamera ya simu yenye intaneti, hukupeleka kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti. Taarifa za hapo zikitofautiana na za kwenye karatasi, una haki ya kumrudia muuzaji na hata kutoa taarifa.

Usikubali kupewa hati ya kupokelea mzigo, bei iliyoandikwa kwenye karatasi yenye muhuri, wala kitabu cha risiti za mkono, pale ambapo muuzaji ana mashine. Akisema mashine imeharibika au mtandao umekata, uliza kwa upole ni lini itakuwa sawa na umwachie jina lako; nimeona mashine nyingi zikipona papo hapo kwa dawa hiyo. Sheria nayo haimfungi muuzaji peke yake, kwani mnunuzi asiyedai risiti naye anaweza kutozwa faini.

Ni haki vilevile kusema upande wa muuzaji. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, malalamiko yao yalihusu namna kodi inavyodaiwa, ikiwemo kamatakamata mitaani, na wengi walisikika kama watu wanaotaka kulipa kwa utaratibu unaotabirika. Mteja anayedai risiti kwa heshima anamsaidia mfanyabiashara mwaminifu, ambaye kila siku anashindana na jirani yake anayeuza bila risiti kwa bei asiyoweza kuifikia.

Jambo dogo la mwisho kuhusu karatasi hizi ni kwamba wino wake hufifia haraka, hasa zikikaa juani au kwenye mfuko wa jasho, kwa hiyo piga picha siku hiyohiyo.

Kuhusu malipo ya moja kwa moja kwa ofisi za umma, iwe ada ya leseni, ushuru wa soko au faini, kanuni ni fupi: omba kontroo namba. Mfumo huu ulianza mwaka 2017, na fedha inayolipwa kwayo huingia kwenye akaunti ya Serikali bila kupita mkononi mwa mtu. Mtumishi anayetaka apewe taslimu "ili akusaidie kulipia" anaomba kitu kingine.

Fedha inakokwenda baada ya hapo

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza katika ibara ya 138 kutozwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, na katika ibara ya 135 inaweka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali ambamo mapato huingia. Kutoka humo hakuna fedha inayoruhusiwa kutoka bila idhini ya kisheria, ambayo hutolewa kila mwaka Bunge linapopitisha bajeti kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Fedha ya mishahara ya walimu na wauguzi, ruzuku za shule na sehemu ya fedha za dawa hutoka huko. Zipo pia fedha ambazo sheria imezitenga kwa kazi maalumu, kama zile za Mfuko wa Barabara, na yapo mapato ya ndani ya halmashauri, kama ushuru wa masoko na wa mazao, ambayo hayaendi Hazina kama kodi nyingine bali hupangiwa matumizi na Baraza la Madiwani. Kutokana na mapato hayo ya ndani, halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Tofauti hii ni muhimu kwa kila anayetaka kuuliza. Ukimuuliza diwani kwa nini muuguzi hajaajiriwa, unamuuliza asiye na uamuzi. Ukimuuliza mbunge kwa nini choo cha soko kimejaa, atakurudisha kwa diwani, na atakuwa sahihi.

Si kila kinachoonekana zahanatini kinatokana na kodi zetu, na ni lazima tukiri hivyo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za UKIMWI, malaria na chanjo katika nchi za Kiafrika imetoka kwa wahisani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu hizo zilitikisika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, na watu waliokuwa wakichukua dawa bila wasiwasi walianza kuuliza kama mwezi ujao zitakuwepo. Wakuu wa nchi za Afrika walikuwa wameahidi huko Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na kwa nchi nyingi ahadi hiyo imebaki kwenye karatasi. Dawa inayonunuliwa kwa kodi ya wananchi haiondoki kwa sababu ya uchaguzi uliofanyika nchi nyingine, na kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kulipa kodi na kuilinda.

Chagua kituo kimoja

Mtu hawezi kufuatilia bajeti ya nchi nzima, na anayejaribu huishia kulalamika kwa jumla. Chagua kituo kimoja unachokitumia, shule ya mtoto wako au zahanati yenu, na ukifuatilie kwa mwaka mmoja wa fedha.

Kwa shule ya msingi, hesabu ni nyepesi. Uliza idadi ya wanafunzi walioandikishwa, kisha zidisha kwa 6,000. Shule yenye wanafunzi 640 inategemewa kupokea shilingi 3,840,000 kwa mwaka, sawa na 320,000 kwa mwezi. Kiasi kilichopokelewa na jinsi kilivyotumika vinapaswa kuwa wazi kwa kamati ya shule, na mzazi ana haki ya kuvijua. Kama kilichopokelewa ni pungufu, tatizo liko juu ya shule. Kama kilichopokelewa ni kamili na chaki hakuna, tatizo liko ndani ya shule. Bila kuzidisha huko, mwalimu mkuu mwaminifu hubebeshwa lawama ya Hazina, na asiye mwaminifu hujificha nyuma ya Hazina.

Kwa zahanati, hesabu ni ngumu zaidi kwa sababu mifereji ni mingi: kuna ruzuku ya Serikali, Mfuko wa Afya wa Pamoja ambao ndani yake mna fedha za wahisani, malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa, na marejesho ya bima. Kwa bahati njema, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa wilayani, na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi hushiriki kupanga matumizi. Wajue wajumbe wenu kwa majina. Waulize mpango wa mwaka una vipengele gani, kwani ukishajua kwamba zimepangwa fedha za kununua mizani ya watoto, utaitafuta mizani hiyo kwa macho kila unapompeleka mtoto kliniki.

Kisha nenda kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na wa zahanati au shule kama upo. Usiusome kwa kupita. Piga picha, andika tarehe, na kila mstari wa matumizi ujiulize jambo moja: je, kitu hiki naweza kukiona au kukigusa? Semina na posho hazigusiki, lakini mlango, bati, tangi la maji na kitanda cha kujifungulia vinagusika, na hapo ndipo mwananchi ana uwezo mkubwa kuliko mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka.

Kuuliza mkutanoni

Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, ambapo Halmashauri ya Kijiji hutoa taarifa ya mapato na matumizi. Mikutano hii mara nyingi hukosa watu, na yenye watu huharibiwa na maswali yasiyojibika. "Fedha zetu zinakwenda wapi?" ni kilio, na mwenyekiti mzoefu hukimaliza kwa hotuba ya dakika kumi.

Swali zuri nililisikia kutoka kwa mama mmoja muuza vitumbua, katika mkutano ambao mimi mwenyewe nilikuwa mezani upande wa kamati. Kwenye ubao tulikuwa tumebandika kwamba choo cha zahanati kimekarabatiwa kwa shilingi 1,850,000. Alisimama, akarekebisha kanga yake, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, shikamooni wazee wangu. Kwenye ubao imeandikwa choo kimekarabatiwa. Nimepita pale asubuhi hii na mjukuu wangu, choo hakina mlango. Naomba kujua mlango umenunuliwa kwa nani, lini, na risiti iko wapi."

Maswali matatu, yote yenye jibu. Mganga mfawidhi alieleza kwamba fundi alikwishalipwa fedha ya mlango akaahidi kuuleta, na kwamba kilichopo ni karatasi ya mkono aliyoisaini. Nasi wajumbe tulikuwa tumeidhinisha malipo yale bila kwenda kuangalia. Sikuona mtu aliyeiba. Niliona watu sita, mimi nikiwa mmoja wao, waliotia saini kwa sababu jina lilikuwa la fundi wanayemfahamu. Mlango ulikuja baada ya wiki tatu, na tangu siku hiyo kamati iliweka utaratibu kwamba hakuna malipo ya kifaa mpaka wajumbe wawili wakione na risiti ya mashine iambatishwe.

Ukitaka kuuliza kama yeye, chukua mstari mmoja tu wa taarifa, utaje kiasi kilichoandikwa, ueleze ulichokiona kwa macho na siku ulipokiona, kisha uombe kitu kinachoweza kuletwa mkutanoni: risiti, muhtasari wa kikao, jina la mzabuni. Usimtaje mtu kuwa mwizi, kwa sababu huna ushahidi na kwa sababu mkutano utageuka kuwa wa kumtetea. Omba swali lako na jibu lake viandikwe kwenye muhtasari. Kama jibu limeahirishwa, uliza limeahirishwa mpaka lini.

Majibu yasipopatikana

Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo watu wachache huitumia. Andika barua fupi kwa mkuu wa taasisi inayoshikilia taarifa, kwa kawaida Mkurugenzi wa Halmashauri, ukitaja hasa hati unayoihitaji, mfano taarifa ya mapokezi ya ruzuku ya shule fulani kwa robo mwaka fulani. Bakia na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwani sheria inampa mpokeaji siku 30 za kukujibu, na zisipohesabika kuanzia tarehe inayojulikana hazina maana. Wakati huohuo mpe diwani nakala na umwombe alipeleke jambo kwenye Baraza, ambalo vikao vyake ni vya wazi kwa wananchi kusikiliza.

Ngazi inayofuata ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Chini ya ibara ya 143 ya Katiba, CAG huwasilisha ripoti zake kwa Rais, na Rais huziwasilisha bungeni. Ikifika Aprili huwa zimekwishaanza kujadiliwa hadharani na hupatikana kwenye tovuti ya ofisi hiyo, kwa Kiswahili pia. Tafuta ripoti ya serikali za mitaa, kisha tafuta jina la halmashauri yako ndani yake. Jihadhari na neno "hati inayoridhisha". Hati hiyo inasema kwamba hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa sawasawa katika mambo ya msingi. Haisemi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri wala kwamba mlango upo. Halmashauri yenye hati nzuri inaweza kuwa na kurasa kadhaa za hoja za ukaguzi, na hoja hizo ndizo za kusoma. Pale unapokuwa na ushahidi wa wizi au rushwa, pa kwenda ni TAKUKURU, ukiwa na nakala zako zote.

Mwalimu Nyerere, akihutubia Mei Mosi mwaka 1995 mjini Mbeya, alieleza kwamba serikali iliyojaa rushwa haiwezi kukusanya kodi, itabaki kuhangaika na watu wadogo. Uhusiano huo una upande wa pili ambao nimeuona kijijini: watu walioona mlango umewekwa na risiti yake imebandikwa ubaoni hawakuhitaji kubembelezwa robo mwaka iliyofuata walipoombwa kulipa ushuru wa gulio kwa kontroo namba.

Kama unataka kuanza mwaka huu wa fedha, panga hivi. Robo ya kwanza huisha Septemba, ya pili Desemba, ya tatu Machi na ya nne Juni. Wiki moja kabla ya kila mkutano wa robo mwaka, nenda kwenye ubao na upige picha taarifa mpya, kisha uilinganishe na picha ya robo iliyotangulia, mstari kwa mstari. Pale ambapo kitu kimeandikwa mara mbili, au salio la robo iliyopita halionekani kwenye mwanzo wa robo hii, weka alama, pita ukakiangalie kitu chenyewe kama kinagusika, na uende mkutanoni na simu iliyo na chaji.